Picha Isiyokwama: Mwongozo wa Kupima Ubora wa Mtandao wa Televisheni Nyumbani, Mbeya na Iringa

Kutiririsha televisheni ni kupokea picha na sauti kwa njia ya intaneti, kipande baada ya kipande, na kuzionyesha papo hapo bila kusubiri kipindi kizima kipakuliwe. Katika miji ya Mbeya na Iringa njia hii ilifika sebuleni ikiwa ya tatu: ya kwanza ilikuwa antena ya juu ya bati, ambayo mawimbi yake ya analojia yalizimwa Mbeya mwaka 2013 Tanzania ilipokuwa ikihamia dijitali mji kwa mji, na ya pili ni king'amuzi, cha dishi au cha antena, ambacho bado kipo katika nyumba nyingi. Dishi likishaelekezwa vyema na kukazwa bolti, ubora wa picha huamuliwa na setilaiti na kituo kinachorusha matangazo, wala mwenye nyumba hana la kuongeza. Televisheni ya intaneti, kwa upande wake, hutegemea mno mita kumi au ishirini za mwisho, yaani kuta, ruta, kebo na mikono ya fundi aliyeviunganisha, na ndiyo maana nyumba mbili zilizopakana pale Forest Mpya, zenye kifurushi kimoja kutoka kampuni moja, zaweza kupata picha mbili zisizofanana hata kidogo. Kuunganisha mtandao wa nyumbani ni ufundi kamili wenye vigezo vyake vya ubora, na mtu asiye fundi anaweza kujifunza kuvitambua.

Kigezo kinachotetewa hapa, ambacho vingine vyote hukitumikia, ni kwamba mtandao wa televisheni hupimwa kwa dakika yake mbaya kuliko zote, mahali palepale televisheni ilipowekwa, saa ile watu wote wa nyumba wanapoutumia. Fundi anayepima kasi saa nne asubuhi, akiwa amesimama kando ya ruta na simu yake mkononi, kisha akaonyesha tarakimu kubwa na kudai malipo yake, amepima kitu ambacho hakuna mtu atakayekitumia. Kipimo cha haki ni cha saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, watoto wakiwa na simu zao chumbani na mgeni akipiga simu ya video kutoka barazani.

Ili kigezo hicho kieleweke, yafaa kujua jinsi picha inavyosafiri. Kituo cha kurushia hukikata kipindi katika vipande vifupi vya sekunde chache, kila kipande kikiandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, kuanzia picha hafifu inayobebeka kwa urahisi hadi picha kali inayohitaji kasi kubwa. Utaratibu huo ulienea baada ya kampuni ya Apple kuutoa wa kwake mwaka 2009 na kiwango cha kimataifa kinachofanana nao kuchapishwa mwaka 2012. Televisheni huomba kipande kimoja baada ya kingine, hupima kila kimoja kilichukua muda gani kufika, kisha huchagua ubora wa kile kinachofuata, na wakati wote huo hujiwekea akiba ya vipande ambavyo havijaonyeshwa. Mtandao ukidhoofika kidogo, picha hupoteza ukali wake na nyuso za watu huwa na ukungu. Ukidhoofika kwa muda mrefu kuliko akiba inavyoweza kustahimili, picha huganda na kile kiduara cha katikati ya kioo huanza kuzunguka. Mtazamaji makini hutofautisha hali hizo mbili, kwa kuwa ukungu wa kudumu ni dalili ya kasi ndogo, ilhali kuganda kwa ghafla kwenye picha iliyokuwa kali ni dalili ya mtandao unaokatikakatika, na kila ugonjwa una dawa yake.

Kasi yenyewe inayohitajika ni ndogo kuliko matangazo ya biashara yanavyowafanya watu waamini. Netflix hushauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 720, megabiti 5 kwa ile ya 1080, na megabiti 15 kwa picha kali zaidi ya 4K. Nyumba yenye televisheni mbili za 1080 na simu tatu hutosheka na megabiti 20, mradi zisishuke. Laini ya megabiti 20 ambayo haiteremki chini ya 15 hata siku moja ina thamani kuliko ya megabiti 100 inayoporomoka hadi 2 kila baada ya dakika kadhaa, na mnunuzi anayepandisha kifurushi ili kutibu kukatika huku hutoa fedha bure. Hesabu ya ujazo nayo ni muhimu, maana megabiti 5 kwa sekunde ni sawa na gigabaiti 2.25 kwa saa, na familia inayotazama saa nne kila siku humaliza takriban gigabaiti 270 kwa mwezi. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguza kasi matumizi yakifika kiasi fulani, na fundi mwaminifu humwambia mteja jambo hilo kabla ya kuchomeka chochote.

Mechi ya moja kwa moja ni mtihani mgumu kuliko filamu. Filamu ipo tayari yote kwenye kompyuta ya mbali, hivyo televisheni inaweza kuvuta akiba ya dakika nzima mbele, lakini mpira unaochezwa Uwanja wa Sokoine jioni hii bado haujawa vipande, na akiba inayowezekana ni ile tu inayoruhusiwa na uchelewaji wa matangazo. Ndiyo maana anayetazama kwa Azam TV Max au programu nyingine ya aina hiyo husikia shangwe ya bao kutoka kibanda umiza cha jirani, kinachotumia dishi, nusu dakika kabla ya yeye kuliona, na hilo si kosa la mtandao wake. Kosa ni picha kuganda katikati ya shambulizi. Kwa sababu hiyo anayetaka kumpima fundi barabara ampime kwa mechi ya moja kwa moja yenye watazamaji wengi, wala asimpime kwa filamu iliyokwishavutwa, kwa kuwa filamu ina akiba nene ya kuficha aibu nyingi.

Kabla ya kuilaumu nyumba, fundi mzuri hujua njia ya nje. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya Nyanda za Juu Kusini hupita kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mtandao wa nyuzi za kioo uliojengwa na serikali kuanzia mwaka 2009 na kusimamiwa na TTCL, ambao hutoka Dar es Salaam ziliko nyaya za baharini za SEACOM na EASSy na kufika hadi mipaka ya Zambia na Malawi. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi, hata kama njia ingekuwa kamilifu, haiwezi kupungua milisekunde 8. Jaribio la kuita kompyuta ya Dar es Salaam (ping), yaani kupima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, likionyesha milisekunde 15 hadi 25 kwa uthabiti, mkongo ni mzima. Likionyesha 20, kisha 180, kisha 35, kisha kimya, kuna tatizo mahali fulani, na swali linalobaki ni kama mahali hapo pako ndani ya nyumba au nje.

Swali hilo hujibiwa kwa njia moja tu ya uhakika, ambayo inashangaza kuona ikirukwa mara nyingi: kompyuta huchomekwa kwenye ruta kwa kebo, waifai ya vifaa vingine vyote huzimwa, na jaribio hurudiwa. Yumbayumba ikiendelea, lawama iende kwa kampuni ya huduma. Ikitoweka, ugonjwa uko hewani, kati ya ruta na televisheni. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania nzima kudorora, hakuna ruta wala fundi yeyote wa Mbeya ambaye angeweza kulitibu tatizo hilo, na aliyeuza ripita siku ile alimdhulumu mteja. Mteja mwenye vipimo vya siku kadhaa vilivyoandikwa saa na tarehe ana la kuiambia kampuni yake, na ikimpuuza, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina ofisi ya kanda jijini Mbeya.

Ndani ya nyumba, jambo la kwanza la kukagua ni ruta imewekwa wapi. Katika nyumba nyingi huwekwa pale kebo ilipoingilia, yaani chumba cha mbele karibu na dirisha, au juu ya friji, au ndani ya kabati la televisheni nyuma ya kioo chenyewe ili isionekane. Mahali pote hapo ni pabaya. Mawimbi ya waifai hutoka kwenye antena kuelekea pande zote, na chuma huyarudisha: friji, mlango wa geti, kabati lenye vioo vya kujitazamia, ambavyo mgongo wake umepakwa madini; tangi la maji nalo ni kizuizi, kwa kuwa maji huyanyonya mawimbi. Ruta huwekwa wazi, juu ya usawa wa kichwa, karibu na kitovu cha eneo linalotumika, na kebo ya kutoka nje huongezwa urefu hadi ifike hapo. Fundi anayekubali kupanda darini kupitisha mita kumi na tano za kebo ili ruta ikae mahali pake ameonyesha jambo moja muhimu kuhusu tabia yake ya kazi.

Kuta za Nyanda za Juu zinastahili kutazamwa kwa makini. Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, ambayo ni mazito na hunywa maji, na ukuta uliolowa kwa mvua ya kuanzia Novemba hadi Aprili hunyonya mawimbi kuliko ule ule ulivyokuwa Agosti. Nyumba za zamani za Uzunguni jijini Mbeya na Gangilonga mjini Iringa zina kuta nene kuliko za leo. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho kila kinapopungua 3 nguvu inayobaki ni nusu ya ile ya awali, na kinapopungua 10 inayobaki ni sehemu moja ya kumi. Kuta tatu zikila desibeli 10 kila moja, kinachofika upande wa pili ni sehemu moja ya elfu. Mawimbi ya masafa ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wake ni sentimita 12 hivi, hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5 yenye urefu wa karibu nusu ya hapo, ila haya ya pili hubeba data nyingi zaidi na hayana msongamano. Bati halipitishi hata moja kati ya hayo: mtu anayetarajia waifai ya nyumba kubwa ifike kwenye banda la uani lenye kuta na paa la mabati anatarajia lisilowezekana.

Kipimo cha kuamini ni hiki: simu yenye programu ya kupimia mawimbi huwekwa pale pale televisheni ilipo, kwenye kimo chake, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku, na tarakimu husomwa kwa dakika kadhaa. Kwa kawaida tarakimu hizo huandikwa zikiwa hasi, kwa hiyo iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67 ni mpaka ambao wahandisi wengi huuchukua kuwa wa chini kabisa kwa video inayotegemewa. Hasi 75 hutazamika usiku tulivu na kukwama usiku wa mvua. Hasi 80 haifai kwa televisheni, hata kama alama ya waifai kwenye kioo bado inaonyesha vijistari viwili.

Nguvu peke yake haitoshi, kwa kuwa hewa ni ya wote. Katika masafa ya 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, nazo ni ya 1, ya 6 na ya 11, na katika mitaa iliyobanana ya Mwanjelwa, Soweto au Mlandege simu inaweza kuona ruta ishirini zikigombania chaneli hizo tatu. Fundi asiyejua huchagua ya 3 au ya 8 akidhani amekimbia msongamano, kumbe amejiweka katikati ya makundi mawili, anayasumbua yote na kusumbuliwa nayo. Fundi mahiri huipeleka televisheni kwenye masafa ya 5 kama iko chumba kimoja na ruta au chumba cha pili, huacha 2.4 kwa vifaa vya mbali, na huangalia kwanza kama televisheni yenyewe ina uwezo huo, maana nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hupokea 2.4 peke yake na mnunuzi haambiwi.

Kuna pia jambo lisiloonekana kwenye kipimo chochote cha kasi. Kwa wakati mmoja kifaa kimoja tu ndicho kinachosema hewani kwenye chaneli, vingine husubiri, na simu ya zamani iliyo mbali, inayosema polepole kwa sababu mawimbi yake ni dhaifu, huchukua muda mrefu hewani kufikisha jambo dogo. Televisheni iliyo nyuma yake husubiri vile vile basi la abiria linavyosubiri nyuma ya lori lenye mzigo mzito linapopanda mlima wa Kitonga: basi lina nguvu zote za kupanda, ila barabara ni ya lori. Kuongeza kasi ya kifurushi hakubadilishi lolote hapo; kuisogeza simu ile karibu, au kuihamishia masafa mengine, hubadilisha kila kitu.

Kutokana na hayo yote hufuata hukumu ambayo wauzaji wa ruta hawaipendi: mtandao bora wa waifai kwa televisheni ni ule ambao televisheni haiutumii. Kifaa kisichohama hakina sababu ya kukaa hewani. Kebo ya mtandao, ambayo kwa kiwango chake huruhusiwa kufika mita 100, hutoa njia isiyojali kuta, mvua wala majirani, na hata tundu la kawaida la televisheni lenye kikomo cha megabiti 100 ni zaidi ya mara sita ya mahitaji ya picha ya 4K. Televisheni ikiondoka hewani, hewa hubaki kwa simu na kompyuta zinazoihitaji kweli, na nyumba nzima hupata nafuu. Hapa ndipo mkono wa fundi huonekana waziwazi, kwa hiyo yafaa kukaa hapa kidogo.

Kebo yenyewe ichunguzwe kabla haijapitishwa. Kwenye soko kuna kebo za shaba tupu na kuna za aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, ambazo ni nyepesi, bei yake ni ndogo na huandikwa maneno yale yale kwenye ganda. Waya mmoja ukikwanguliwa kwa wembe, wa shaba hubaki mwekundu hadi ndani, na wa aluminiamu huonyesha weupe. Ukipindwa huku na huku mara chache, wa aluminiamu hukatika upesi. Kebo ya namna hiyo inaweza kufanya kazi kwa mita tano na kushindwa kwa thelathini, na miaka michache baadaye viungo vyake hulegea.

Kisha mwisho wa kebo. Plagi safi ya plastiki inayoangaza ndani huruhusu mtu yeyote kuikagua kwa macho. Nyaya nane zimepangwa kwa jozi nne zilizosokotwa, na mpangilio unaotumika zaidi, kutoka kushoto plagi ikiwa imeelekezwa meno ya shaba juu, ni mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, bluu, mweupe wa bluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Jicho lisilozoea huona kasoro katika kijani kilichotenganishwa na mwenzake, na kuna mafundi ambao, kwa kupenda unadhifu, huzipanga jozi zote ziandamane kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kosa hilo ni baya kwa sababu hujificha: kifaa kidogo cha kupimia chenye taa nane huwasha taa zote kwa mpangilio na kuipitisha kebo, kwa kuwa kila waya umefika unakotakiwa, ila waya wa tatu na wa sita, ambazo hubeba ujumbe mmoja kwa pamoja, sasa zinatoka katika misokoto miwili tofauti na hazilindani tena dhidi ya kelele. Televisheni huunganika, hucheza, na hukwama bila sababu inayoonekana. Msokoto nao usifunguliwe zaidi ya milimita 13 kabla ya kuingia kwenye plagi, nyaya zote nane zifike hadi ukuta wa mbele wa plagi na zionekane kama nukta nane zinazong'aa, na ganda la nje la kebo libanwe chini ya kile kibanio cha nyuma. Plagi ambayo nyaya zake nyembamba zinaonekana nje, ganda likiwa limeishia sentimita mbili nyuma, imefanywa na mtu mwenye haraka, na itashindwa siku mtoto atakapoisogeza meza. Iwe fundi amesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, VETA Iringa au dukani kwa mjomba wake, plagi hii ndiyo cheti chake.

Kwa nyumba zilizofikiwa na nyuzi za kioo, huduma ambayo TTCL huitangaza kwa jina la Faiba Mlangoni Kwako na ambayo kampuni nyingine nazo hutoa, kuna mwisho wa pili wa kukaguliwa. Uzi wa kioo haupendi kukunjwa; ukipindwa kwa kona kali nyuma ya kabati, mwanga huvuja na kifaa cha kupokelea hudhoofika hata kama uzi haujakatika. Fundi huuviringisha kwa duara pana na kuubana kwa vibanio laini, kamwe si kwa msumari. Plagi za kijani zina uso uliokatwa kwa mteremko wa nyuzi 8 na za bluu hazina, kwa hiyo kuchomeka ya kijani kwenye ya bluu huharibu zote mbili. Nguvu ya mwanga husomeka kwenye ukurasa wa mipangilio wa kifaa: kati ya hasi 15 na hasi 25 ni afya njema, na hasi 27 au chini ya hapo ni ukingo wa mwisho, ambapo mvua moja au kiungo chenye vumbi hutosha kuwasha ile taa nyekundu.

Ripita, yaani kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena, huuzwa kuwa tiba ya kila kitu. Ripita yenye redio moja hutumia chaneli ile ile kupokea na kurusha, kwa hiyo hupunguza uwezo kwa takriban nusu, na ikiwekwa chumba ambacho mawimbi yamekwisha hurudia udhaifu kwa sauti kubwa. Mahali pake ni nusu ya njia, penye hasi 60 hivi. Vifaa viwili vilivyounganishwa kwa kebo, kila kimoja kikirusha waifai upande wake wa nyumba kwa jina moja, ni bora kuliko ripita ya bei yoyote.

Mtihani wa foleni hufanywa na wachache, ingawa ni mwepesi. Jaribio la kuita kompyuta ya Dar es Salaam huendeshwa huku mtu mwingine akipakia video ndefu mtandaoni. Katika ruta dhaifu, uchelewaji hupanda kutoka milisekunde 20 hadi mamia kadhaa, kwa kuwa ruta hupanga data zote katika foleni moja ndefu na maombi madogo ya televisheni hukaa nyuma ya mizigo mikubwa ya simu. Ruta bora hugawa zamu kwa haki, au humruhusu fundi kuweka kikomo kidogo chini ya kasi ya laini ili foleni isijengeke. Anayetaka ushahidi upande wa televisheni anaweza kuita orodha ya takwimu ambayo YouTube huweza kuionyesha juu ya video, ambamo sekunde za akiba huandikwa: tarakimu ikipanda hadi makumi kadhaa na kutulia humo kwa video isiyo ya moja kwa moja, kazi ni njema, ikipanda na kushuka hadi karibu na sifuri, fundi bado ana deni.

Kwenye miteremko ya Loleza juu ya Mbeya, mlima wenye mita 2,656, na katika bonde la Ruaha Mdogo pale Ipogolo, chini ya uwanda ambao mji wa Iringa umekaa, nyumba nyingi hupata intaneti kwa ruta yenye laini ya simu, ya 4G au, palipo na huduma, ya 5G, ambayo Vodacom ilianza kuitoa nchini mwaka 2022. Hapa vipimo viwili husomwa pamoja: nguvu ya mawimbi ya mnara, ambayo hasi 90 hutosha na hasi 110 haitoshi, na usafi wake, yaani ni kwa kiasi gani sauti ya mnara mmoja inazidi kelele za minara mingine, ambao ukizidi desibeli 13 ni mzuri na ukikaribia sifuri ni mbaya hata nguvu ikiwa nyingi. Kwenye miinuko kosa la kawaida ni la usafi, kwa kuwa nyumba iliyo juu huiona minara mingi kwa mpigo, na kupanda juu zaidi huzidisha tatizo. Antena inayoelekea upande mmoja, ikiwa imefichwa minara mingine kwa ukuta wa nyumba yenyewe, hufanya kazi kuliko ile iliyoinuliwa kileleni mwa bomba.

Ruta hutumia umeme kidogo, mara nyingi wa volti 12, na kibetri kidogo cha akiba kinachotoa volti hizo moja kwa moja huizuia isizime na kuwaka upya kila umeme wa TANESCO unapopepesa, jambo ambalo huchukua dakika mbili au tatu za mechi kila mara. Radi za Desemba na Januari nazo zina njia zao za kuingia. Uzi wa kioo wenyewe haupitishi umeme, lakini kebo inayotoka kwenye nguzo mara nyingi hubeba waya wa chuma wa kuishikilia, na fundi anayejali huutenganisha waya huo na kuufunga nje kwenye ndoano ya ukuta, uzi peke yake ukiingia ndani. Antena ya nje yenye kebo ya shaba huhitaji kuunganishwa na ardhi kabla kebo haijavuka ukuta.

Malipo ya mwisho yafaa yasubiri karatasi moja, ambayo mafundi wazuri wa miji yote miwili huitoa bila kuombwa: mchoro wa nyumba unaoonyesha kebo zilikopita, neno la siri la ruta lililobadilishwa kutoka lile la kiwandani, chaneli zilizochaguliwa, nguvu ya mwanga au ya mnara, na hasi za kila chumba pamoja na saa zilipopimwa. Kwa nyumba yenye antena ya nje iliyofungwa kiangazi, karatasi hiyo iwe na nafasi ya safu ya pili, ijazwe mwezi Februari, wakati miparachichi na mikaratusi iliyo kati yake na mnara imejaa majani mabichi yaliyolowa.